Nina duranta imekua duara, naweza kuitoa tembo?

Swali limetoka kwa dada mmoja. Ana duranta, ule mmea wa kichaka unaopandwa sana kama ua wa nyumba, pembeni ya njia ya kuingilia nyumbani kwake, imeenda juu kama mita moja na nusu, upana mita moja hivi, na miaka mitatu yote inakatwa duara tu. Sasa kaona picha ya tembo wa majani, kasimama miguu minne, mkonga unashuka mpaka chini, na watoto wake wawili nao wameshaiona na kila siku wanauliza tembo wao anakuja lini. Anataka kujua aichonge hiyo hiyo au aing'oe apande upya, anahitaji fremu ya chuma au jicho tu linatosha, na itachukua muda gani mpaka mpita njia aseme "yule tembo" bila kuambiwa.

Dada yangu, usiing'oe. Mmea wenye mizizi ya miaka mitatu una nguvu ambayo mche mpya utaitafuta muda mrefu sana, na duranta ni katika mimea inayosamehe makosa kuliko mingi ninayoijua. Tembo anatoka. Ila sio yule wa kwenye picha, nakushauri tembo aliyekaa kitako na mkonga wake umeinuka juu, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujashika mkasi maana sababu zenyewe ndizo zitakazokuongoza ukiwa peke yako pale bustanini.

Kabla ya yote fanya jambo moja leo jioni. Nenda kwenye hiyo duranta, ingiza mikono miwili kwenye majani, panua kama unafungua pazia halafu chungulia ndani. Utaona ngozi ya kijani unene wa kiganja tu, sentimita 10 mpaka 15, basi. Nyuma ya hapo ni vijiti vya kahawia vitupu, giza, majani makavu yamenasa kwenye panda za matawi, pengine na kiota cha zamani. Mmea unaokatwa duara kila mara ndivyo unavyokuwa, jua linaishia kwenye ngozi na jani lisilopata jua mmea wenyewe unalidondosha. Sasa fikiria unachukua mkasi unaanza kuchonga kwenda ndani ili upate shingo au nafasi kati ya miguu. Sentimita 15 za kwanza tu na umeshafika kwenye vijiti, huna tembo, una kichaka kilichotoboka.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani kazi hii ni sawa na ya mchonga vinyago, kwamba gogo lipo na tembo yumo ndani yake, wewe unaondoa tu kisichotakiwa. Topiari, maana ndivyo wanavyoiita hii kazi ya kuipa miti sura, inakwenda kinyume kabisa: unakuza kwenda nje. Mkasi wako kazi yake kubwa sio kuondoa, ni kuuambia mmea wapi uongeze. Kwa hiyo tembo wako lazima awe mkubwa kuliko kichaka ulichonacho sasa, kila upande. Ukilikubali hilo nusu ya kazi umeshaimaliza kichwani.

Na mmea unaambiwaje uongeze? Kila tawi lina ncha, na ile ncha inatengeneza homoni inayoitwa auksini, inashuka na tawi na kuyazuia macho ya pembeni, yale machipukizi yaliyolala, yasichipue. Ukiikata ncha lile zuio linaondoka, macho ya chini yake yanaamka. Majani ya duranta kwa kawaida yanakaa mawili mawili yakitazamana, kwa hiyo ukikata juu kidogo ya jozi unapata machipukizi mawili mahali palipokuwa na moja, ukiyaacha yarefuke kama kidole halafu ukakata tena nusu yake unapata manne, na kuendelea hivyo hivyo. Unene wote wa tembo wa kwenye picha umetoka hapo, kwa mtu aliyekata kidogo kidogo mara nyingi. Mtu anayeacha matawi yafike nusu mita halafu anayafyeka kwa siku moja anapata tembo mwenye manyoya juu na mifupa chini.

Sasa miguu. Najua watoto wanataka tembo aliyesimama, lakini nikueleze kinachotokea chini ya tumbo. Pale ni kivuli mchana kutwa, na nimeshakwambia jani la kivulini linakwenda wapi. Tembo wa majani aliyesimama ana tumbo tupu kwa chini na miguu yake inakuwa na majani upande wa nje tu. Wanaofanya vizuri wanapanda mimea minne, kila mguu na mche wake, miche inapanda juu na kuungana kwenye mwili, na huo ni mradi wa kuanzia sifuri. Wewe una shina moja katikati. Ukilazimisha miguu minne kutoka kwenye shina moja la katikati utakuwa na meza yenye nguzo moja, na miguu mingine minne ya kuigiza inayoning'inia.

Tembo aliyekaa kitako yeye ni mtungi. Chini mpana, juu anapungua, na hilo kwa mmea ni zawadi maana sehemu ya juu ya mti wowote inapata jua zaidi na inakua kwa kasi zaidi, ikiwa pana kuliko ya chini inaifunika na ya chini inakonda. Wanaokata ua la nyumba vizuri wanalijua hili, wanaacha ukuta wa majani ulale kidogo, chini upana zaidi ya juu. Mnyama aliyekaa, aliyelala, kobe, ndege aliyelalia mayai, hawa wote wana hilo umbo tayari, ndio maana mtu akiniuliza aanze na mnyama gani namwambia aliye karibu na ardhi. Twiga mwache kabisa kwa mara ya kwanza.

Na mkonga kwa nini juu? Kwa sababu tawi likielekezwa juu linaendelea kukua bila ubishi, lakini ukilikunja likatazama chini linapoteza nguvu kwenye ncha, halafu pale kwenye mgongo wa mkunjo macho yanaamka na kutoa matawi mapya yanayokwenda juu wima. Nimeona mikonga ya kushuka ambayo mwenyewe anahangaika nayo miaka, ncha imekonda kama uzi na juu yake pamejaa vichipukizi vinavyosimama kama nywele, akivikata vinarudi, akiviacha tembo anapotea. Inawezekana, wapo wanaoiweza, ila kwa mkonga wa kwanza elekeza juu, na watoto waambie tembo anasalimia.

Fremu unahitaji. Wapo wanaokata kwa jicho tu na kazi yao inapendeza mno, lakini wale wameshakata mamia ya mimea na mkono unajua. Kwako fremu sio ya kuushikilia mmea, ni kumbukumbu. Wiki ya 3 mpaka ya 30 kila ukitoka nje utaona kichaka chenye vurugu na utasahau tembo wako alikuwa anaishia wapi, fremu itakukumbusha.

Mpelekee fundi wa kuchomelea mchoro wenye vipimo. Mifupa mikubwa iwe nondo ya milimita 6, mistari ya mwili na masikio waya mgumu wa milimita 3 au 4, uwe wa mabati au upakwe rangi ya kuzuia kutu. Kwa kichaka chako ningeweka mgongo na kichwa kwenye mita 1.6, ncha ya mkonga mita 2.1, upana wa chini mita 1.3. Usizidishe hapo, utakuwa unapanda ngazi kila mwezi na siku moja utachoka. Kitu ambacho fundi hataelewa usipomwambia: mmea upo tayari, kwa hiyo fremu itoke vipande viwili, kama ganda la karanga, unaweka nusu huku na nusu kule halafu unafunga kwa waya katikati. Miguu ya fremu iingie ardhini sentimita 40 au 50, upepo mkali ukishika tembo aliyejaa majani unamsukuma kweli kweli. Halafu nafasi kati ya waya na waya ziwe kubwa, sentimita 15 mpaka 20. Kuna watu wanafunika mwili mzima kwa wavu wa kuku, hiyo inafaa kwa topiari ya aina nyingine, ile ya kujaza makumbi ya nazi ndani ya fremu na kuotesha mimea midogo inayotambaa. Kwa mmea wa miti kama duranta ule wavu ni mtego, matawi yanapita membamba, yananenepa, wavu unayakaba shingo na miaka miwili baadaye unashangaa sikio limekauka.

Fremu iwe ndogo kidogo kuliko tembo unayemtaka, sentimita 3 mpaka 5 kila upande. Majani yatavuka waya na wewe utakata juu ya waya, sio usawa wake. Ukikata usawa wa waya kila mara unaacha chuma kinaonekana na mkasi unakula meno.

Ukishaisimamisha, usikate chochote siku hiyo zaidi ya matawi yaliyokufa na yale yanayozuia fremu kukaa. Kaa mbali, kule mtu anakoingilia, utazame. Tembo ataonekana zaidi kutoka upande gani? Upande huo ndio upate ubavu wake, maana tembo anatambulika kwa ubavu, sikio na mkonga kwa pamoja, ukimweka akitazamana na anayeingia mkonga unapotelea kwenye kichwa na watu wanaona dubu. Hili lingekuwa la kwanza kabisa kuamua, ila watu huwa hawaamini mpaka waone fremu imesimama. Na nyuma yake pawe patulivu, ukuta mtupu au majani ya rangi moja. Nyuma pakiwa na maua ya rangi nne umbo linayeyuka.

Basi sasa kufunga matawi, na hapa ndipo kazi yenyewe inapoishi. Chukua mkonga. Tafuta ndani ya kichaka tawi lililo kwenye usawa wa kichwa, unene wa penseli, bado bichi, likikunjwa linarudi bila kulia. Likitoa mlio wa kukwaruza acha, hilo limeshakomaa, tafuta jingine. Lisogeze taratibu mpaka liguse waya wa mkonga, lizungushe mara moja kuufuata, halafu lifunge na kitambaa chepesi kinachovutika, tisheti ya zamani iliyochanwa vipande vyembamba inafanya kazi nzuri kuliko kamba. Funga kwa mzunguko wa namba nane, kitanzi kimoja kwenye waya, kimoja kwenye tawi, fundo likae upande wa chuma, na kwenye kitanzi cha tawi kidole chako kidogo kiweze kupita. Usifunge na waya. Nakusihi. Waya unakaa mahali pake na tawi linanenepa, ganda linakatwa pande zote, chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani hakipiti tena. Kila baada ya miezi miwili pita ukikagua mafundo yote, yaliyobana yalegeze, yaliyomaliza kazi yatoe. Ongeza tawi la pili na la tatu kwenye mkonga huo huo maana moja likivunjika hutaki kuanza upya.

Masikio nayo ni hivyo hivyo, ila pale unataka ubapa. Sikio la tembo wa majani likiwa jembamba sana upande wa ndani unakosa jua na likiwa nene linakuwa bega, mimi naacha unene wa sentimita 12 mpaka 15 na nalitanua zaidi ya inavyoonekana sahihi, kwa sababu ukitazama kutoka mbali majani yanakula kingo. Kila kiungo kidogo kifanye kikubwa. Shingo nene, mkonga mnene chini na ukapungue polepole, masikio ya kupita kiasi. Ukubwa wa jani ndio unaoamua unaweza kuchora kitu kidogo kiasi gani. Jani la duranta ni refu kama sentimita 4 au 6 hivi, basi usijaribu kidole, usijaribu mdomo, hutapata. Wenye boksi, ule mmea wa *Buxus sempervirens* wenye vijani visivyofika hata sentimita 3, wanaweza kutoa mdomo wa kuku na ukauona. Wewe jicho lipate kwa njia nyingine: mmea ukishajaa, toboa kishimo cha sentimita 5 kwenye ngozi ya majani pale jicho linapokaa, kivuli chake kinafanya kazi. Watu wanabandika vizibo na mipira, watoto watakuomba, lakini kivuli ni kizuri zaidi na hakidondoki.

Miguu ya nyuma ya tembo aliyekaa inatokeza mbele chini kama vifurushi viwili. Kama duranta yako ina matawi ya chini yalaze, yavute mbele na uyafunge kwenye kigingi. Kama haina, na nadhani haina kwa sababu mimea ya duara huwa imepoteza ya chini, basi otesha miche miwili kutoka kwa huyu huyu. Kata pingili za urefu wa kiganja, toa majani ya chini, choma kwenye udongo wenye unyevu kivulini, duranta inatoa mizizi bila shida. Nasisitiza huyu huyu mama yao. Duranta zipo za kijani kibichi, zipo za njano ya dhahabu, zipo za mabaka meupe, na hata mbili za kijani kutoka sehemu tofauti zinaweza kutofautiana rangi. Nilishawahi kupanda miche ya kununua kwa ajili ya mkia na kifua cha farasi, ilikuwa midogo na inaonekana sawa kabisa, miezi 8 baadaye farasi alikuwa na kifua cha njano. Nikang'oa nikaanza upya, mwaka mzima ulipotea.

Kuhusu kukata kwenyewe. Mkasi mrefu wa ua kwa mwili, mkasi mdogo wa kupogolea kwa matawi manene na kwa kona za masikio. Uwe mkali, mkasi butu unatafuna, ncha za majani zinageuka kahawia na tembo anaonekana mgonjwa wiki nzima. Futa makali na spiriti kabla ya kuanza na unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Chagua siku ya mawingu au jioni, majani ya ndani hayajazoea jua kali na ukiyafunua mchana wa jua yanaungua. Mvua ikiwa inanyesha pia acha, vidonda vibichi na maji ni mlango wa magonjwa ya ukungu. Anzia juu ushuke, vipande vinadondoka kwenye sehemu ambayo bado hujaifikia. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho watu wanakikosa miaka: kwenye sehemu za mviringo geuza mkasi kichwa chini, zile pembe za makali zifuate mkunjo. Mkasi ukiushika kawaida kwenye mgongo wa tembo unakata ubapa ubapa, unapata tembo wa pande nane. Kata mara tatu nne, rudi nyuma hatua kumi, tazama, rudi. Tandika shuka la zamani chini uyakusanye majani yote, yakibaki yamenasa juu ya mmea yanaoza na kuua ngozi iliyo chini yake, kwa hiyo ukimaliza mtikise tembo mzima.

Mwaka wa kwanza unakata ncha tu, kila wiki 3 au 4 wakati mmea unakua kwa kasi, na mara chache sana ukiwa umetulia. Anza huo mradi mvua zinapoanza au joto linaporudi, usianze kwenye ukame. Mbolea iwe ya kiasi, samadi iliyooza vizuri ukizunguka shina bila kuligusa inatosha kwa mwanzo. Ukimwaga naitrojeni nyingi unapata matawi marefu laini yenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, na wewe unatafuta kinyume chake. Maji mwagilia asubuhi, chini kwenye mizizi, sio kumwogesha. Geuza majani mara moja kwa wiki utazame chini yake, inzi weupe wanaipenda duranta, ukikuta wachache waondoe kwa maji ya sabuni nyepesi mapema, maana tembo mnene hewa haipiti vizuri ndani na wakishazoea kule kuwatoa ni kazi.

Na kwa kuwa una watoto hili lisikupite: vile vitunda vya njano vya duranta ni sumu, kwa watu na kwa mbwa na paka. Habari njema ni kwamba maua yanatoka kwenye ncha za matawi mapya, na mmea unaokatwa ncha kila mwezi hauchanui sana, kwa hiyo vitunda vinakuwa vichache au hamna. Ukiona kishada kimejificha nyuma ya sikio kikate siku hiyo hiyo. Pia matawi mengine yana miba, vaa glavu wakati wa kufunga.

Nikuambie pia kwa nini nimefurahi ni duranta. Ingekuwa msaipresi, ule mti wenye vijani kama magamba, ningekujibu tofauti. Msaipresi haurudishi majani kwenye mti wa kahawia, ukikata ukavuka ile ngozi ya kijani pale pamekufa milele. Zamani nikiwa najifunza niliingiza mkasi sana kwenye shingo ya sungura wa msaipresi, nikasubiri mvua mbili, nikasubiri mwaka, lile pengo halikufunga hata kidogo mpaka leo nalikumbuka lilivyokaa. Duranta, fikasi, ligustramu (nao ni mmea wa kukatia ua), boksi, na ule myuu wa nchi za baridi unaoitwa *Taxus baccata*, hawa wote wanachipua hata kwenye mti wa kahawia wa zamani. Fikasi ni nzuri sana kwa sura, ila mizizi yake inatafuta, usiipande karibu na ukuta, njia ya maji taka wala sakafu, na kama unaitaka sana ikae kwenye chungu kikubwa. Myuu unatoa kingo safi kuliko yote na unakatwa mara moja tu kwa mwaka, lakini ni sumu kali kwa watu na mifugo, wenye mbuzi wasiuguse.

Muda. Kwa duranta iliyoshika mizizi kama yako, miezi 6 mpaka 8 mgongo na tumbo vimejaa, mkonga bado ni vijiti vyenye majani. Mwaka na nusu hivi mpita njia atasema tembo. Miaka 2 mpaka 3 fremu haionekani tena na unaweza kupumua. Kwa boksi au myuu ungehesabu miaka 5 mpaka 10. Najua ukimwambia mtoto mwaka na nusu ni kama umemwambia kamwe, lakini kazi hii ndivyo ilivyo tangu zamani sana. Plinius Mdogo, Mroma wa karne ya 1 na ya 2, kwenye barua moja anaeleza bustani ya nyumba yake ya shamba kule Italia iliyokuwa na wanyama wa boksi wakitazamana wawili wawili. Kule Levens Hall, Uingereza, bustani ilianza kupangwa mwaka 1694 na kuna myuu wa enzi hizo ambao unakatwa mpaka leo. Na wanaonigusa zaidi ni wale waliokaa na mimea yao maisha mazima: Joseph Carreiro, mtunza bustani wa Portsmouth, Rhode Island, Marekani, alikaa kwenye bustani moja tangu 1905 mpaka 1945 akikuza wanyama wa ligustramu, na tembo yumo, siku hizi bustani yenyewe inaitwa Green Animals. Kule Zarcero, Costa Rica, Evangelista Blanco alianza kuikata misaipresi ya bustani ya mji katika miaka ya 1960, na yupo tembo pia.

Kwa hiyo hao watoto wape kazi. Mkubwa apime kila mwezi mkonga umefika wapi, afunge kitambaa chekundu kwenye fremu. Mdogo akusanye majani kwenye shuka. Mkasi usiwape, ila kukata ncha laini kwa kucha, ile ya kubana kati ya kidole gumba na cha shahada, wanaweza kabisa, na kwa masikio ni bora kuliko mkasi maana unaondoa ncha moja bila kuchana jani la jirani.

Ukishachora mchoro wako, kabla hujampelekea fundi, kata umbo la tembo kwenye boksi kubwa la karatasi ngumu kwa vipimo vile vile, lisimamishe mbele ya duranta kwa siku mbili, pita hapo asubuhi na jioni ukitoka na kuingia. Kama masikio yanaonekana madogo, na nina hakika yataonekana madogo, yaongeze pale pale kwenye karatasi, ndipo umpe fundi.